Bibi Titi Mohamed: Mwimba ngoma aliyeijaza TANU wanawake, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha

Ukipanda basi la alfajiri pale Mtama kwenda Dar es Salaam, safari ni ndefu lakini njia ni moja. Unapita Mnazi Mmoja ya Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, Somanga, unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, kisha Ikwiriri, Kibiti, mpaka Mbagala. Ukiingia mjini kati unakutana na Mnazi Mmoja nyingine, ile ya viwanja, na ubavuni mwake inapita barabara pana yenye magari muda wote. Hiyo ndiyo Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Vijana wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya foleni tu. Wengine wanajua kidogo zaidi, kwamba alikuwa mwanamke wa TANU. Kisichosemwa sana ni kwamba kabla ya siasa Bibi Titi alikuwa mwimbaji. Watu wa Dar es Salaam walimjua kwa sauti yake kwenye ngoma na kwenye maulidi, na kazi hiyo ya kuimba ndiyo iliyomfanya aweze kufanya jambo ambalo viongozi wanaume wa TANU, pamoja na elimu yao, lilikuwa limewashinda.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Baba yake hakutaka binti yake aende shule, maana enzi hizo wazazi wengi wa pwani waliogopa kwamba shule ya serikali ingembadilisha mtoto dini. Baba alipofariki, mama yake ndiye aliyempeleka. Alisoma mpaka darasa la nne, akavunja ungo, akawekwa ndani kama walivyowekwa wasichana wengine wa umri wake, na akiwa na miaka 14 hivi akaozeshwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa hiyo haikudumu. Alipata mtoto mmoja wa kike.

Mpaka hapo hakuna la ajabu. Ni maisha ya maelfu ya wanawake wa pwani wa wakati ule, kuanzia Tanga mpaka Lindi. Tofauti ilikuja kwenye ngoma.

Ngoma za mjini za miaka ile haikuwa kukutana tu na kucheza. Ilikuwa ni chama kamili. Mtindo huu ulikuwa umeanza zamani. Beni, ngoma iliyotoka pwani ya Kenya, ilishuka mpaka Lindi na kuingia bara, na ilikuwa na vyeo vyake, wafalme na majenerali, sare na mashindano. Wanawake nao walikuwa na lelemama na vikundi vyao vingine. Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilijaa vikundi vya namna hiyo, na Bibi Titi alikuwa mwimbaji mkuu wa kimoja kilichoitwa Bomba.

Sasa fikiria kikundi kama hicho kinavyoendeshwa. Kuna kiongozi na msaidizi wake. Kuna michango, na mtu wa kushika fedha ambaye lazima aaminike, maana hela ikipotea kikundi kinakufa. Kuna sare za kushona kwa pamoja. Mwanachama akifiwa wenzake wanakwenda, akiozesha wanakwenda. Kikundi kikialikwa mahali pengine kinasafiri. Na kwa sababu kuna kikundi hasimu mtaa wa pili, kila mtu anajitahidi kuleta watu wengi zaidi kuliko wenzao. Tena wanachama hawaulizani kabila. Mzaramo, Mmatumbi, Mmanyema, Mngindo, wote wanaimba Kiswahili.

Yaani mtandao wa chama cha siasa ulikuwa tayari umejengwa na wanawake, wala hakuna aliyeuita siasa.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ilikuwa na Mwalimu Julius Nyerere, ilikuwa na wazee wa mjini wenye fedha na heshima, ilikuwa na vijana wenye ari. Lakini ilikuwa na tatizo moja zito. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeshapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa shule ya serikali, mhudumu wa hospitali, wote walikuwa wanahatarisha kazi wakionekana na kadi. Wengi walikuwa na moyo wa TANU lakini walikaa pembeni.

Mwanamke wa Kariakoo aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani hakuwa na mwajiri wa kumfukuza.

Hilo halikuonekana mapema. Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour. Aliuona umati wa TANU, akauliza swali jepesi kabisa: wanawake wa chama wako wapi? Lilikuwa swali la aibu, kwa sababu sehemu ya wanawake haikuwepo. Wake wa viongozi walikuwa nyumbani, na kumtoa mke wa mtu ndani aje kusimama mbele ya wanaume wageni halikuwa jambo la kuamua asubuhi na kutekeleza jioni.

Hapo ndipo Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa TANU, alipokumbuka nyumba ya Boi Selemani. Boi alikuwa dereva wa teksi, na ndiye mume wa Bibi Titi wakati huo. Walikuwa wameshajiunga na chama wote wawili. Inajulikana kwamba kadi ya mume ilikuwa namba 15 na ya mke namba 16. Kwa desturi ya pale, mume aliombwa ruhusa kwanza. Akakubali. Bibi Titi akapewa kazi ya kuwaita wanawake.

Alifanya kile ambacho mwimbaji yeyote wa ngoma angefanya. Hakuanza na mlango wa mtu mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kikundi baada ya kikundi, hata wale waliokuwa mahasimu wa Bomba. Ukimpata kiongozi umepata kikundi chote, maana kiongozi akisema kesho tunakutana mahali fulani, watu wanakwenda na sare zao.

Tarehe 8 Julai 1955, mwaka mmoja na siku moja tangu TANU izaliwe, sehemu ya wanawake ilianzishwa na Bibi Titi akawa kiongozi wake, akisaidiwa na wanawake kama Tatu binti Mzee. Kwenye mkutano huo walifika wanawake takriban 400. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo, waliokuwa wameandikishwa walikuwa wamefika 5,000. Miezi mitatu tu. Hakukuwa na redio ya chama wala gari la matangazo la kutosha, wala simu. Taarifa zilikwenda kwa buibui na baraza.

Inafaa kusimama kidogo kwenye namba hiyo, kwa sababu mara nyingi historia ya uhuru inasimuliwa kama kazi ya hotuba na barua za Umoja wa Mataifa. Hizo zilikuwepo na zilikuwa na uzito wake. Lakini gavana alipoangalia kiwanja cha Mnazi Mmoja na kuona umati, sehemu kubwa ya umati huo ilikuwa kanga. Wanawake waliuza kadi, walipika, walilaza wageni wa chama majumbani mwao, walificha karatasi, walichanga senti zao. Wengine waliuza vitu vyao vya thamani ili safari za viongozi ziwezekane. Na mume aliyekuwa mtumishi wa serikali angeweza kusema kwa dhati kwamba yeye hana kadi. Kadi ilikuwa kwa mkewe.

Bibi Titi mwenyewe aligeuka kuwa msemaji ambaye watu walimngoja. Alikuwa na mambo mawili ambayo shule haifundishi: sauti inayofika nyuma ya umati bila kukwaruza, na mazoea ya kusoma umati, kujua lini wamechoka na lini wamewaka. Mwimba ngoma anajifunza hayo usiku kwa usiku. Ujumbe wake kwa wanawake ulikuwa wa moja kwa moja. Aliwaambia kwamba hao wanaume wote, wakubwa kwa wadogo, wamezaliwa na wao, kwa hiyo wasijione dhaifu. Alizunguka majimbo mengi, mara nyingine akiwa pamoja na Nyerere, na kila alikofika wanawake walitoka ndani kuja kumsikiliza mwanamke mwenzao akihutubia hadharani. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuona jambo hilo.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, Marekani ilikuwa imemnyang'anya mwimbaji Paul Robeson pasi yake ya kusafiria kwa sababu ya kusimamia haki za watu weusi. Ilimrudishia mwaka 1958. Robeson alikuwa msomi wa sheria na nyota wa jukwaa anayejulikana duniani. Bibi Titi alikuwa na darasa la nne na Kiswahili chake. Kilichowaunganisha ni kitu kimoja ambacho watawala wa pande zote mbili walikiona mapema: mtu ambaye umati umezoea kumsikiliza akiimba, akianza kusema utamsikiliza vilevile.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata sehemu ya wanawake ya TANU iligeuka kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Mwaka huohuo wa 1962 wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuanzisha umoja wao wa bara zima. Bibi Titi akawa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo. Kwa msichana aliyewekwa ndani baada ya darasa la nne, si haba.

Lakini ofisi na ngoma ni vitu viwili. Serikali mpya ilihitaji watu wa mafaili, ripoti na Kiingereza. Wanawake waliosoma walianza kuchukua nafasi, na wale waliojaza viwanja mwaka 1955, wengi wao wasiojua kusoma, wakabaki kuitwa siku za sherehe kuja kuimba na kushangilia. Mtu akiuliza mtandao ule wa vikundi vya ngoma ulikwenda wapi baada ya uhuru, jibu lipo hapo. Kazi iliyokuwa yao ikahamia mezani, na meza hazikuwa zao.

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Mawaziri kadhaa waliangushwa na wapiga kura wao, na Bibi Titi naye alianguka Rufiji. Wapo waliolichukulia kama aibu. Ukweli ni kwamba mbunge wa Rufiji wa wakati ule alikuwa na kazi ngumu. Jimbo lenye mto usio na daraja, barabara inayokatika kila masika, na serikali iliyo Dar es Salaam: wapiga kura walihitaji kumwona mbunge wao, na kiongozi wa taifa zima hawezi kuwa Utete kila wiki.

Pigo lililofuata lilitoka ndani ya chama chake mwenyewe. Mwezi Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, likiwa na masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa kiongozi mwenye shahada, sharti la nyumba liliuma lakini mshahara ulibaki. Bibi Titi alikuwa na nyumba alizopangisha. Hakuwa na cheti cha kumpa kazi nyingine, na kodi ya nyumba ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Mwanamke wa pwani aliyeachika mara moja anajua thamani ya ukuta wake mwenyewe. Aliamua kubaki na nyumba zake na kujiuzulu nafasi yake ya uongozi katika TANU.

Unaweza kumlaumu au kumwelewa. Wapo waliosema kwamba mtu aliyedai usawa kwa sauti kubwa namna ile hakupaswa kuogopa sharti la usawa. Wapo walioona kwamba azimio liliandikwa na watu wenye mishahara. Hoja zote mbili bado zina wenyewe.

Mwezi Oktoba 1969 alikamatwa. Tuhuma ilikuwa nzito kuliko zote: uhaini, yaani kupanga kuipindua serikali. Waliokamatwa pamoja naye ni waziri wa zamani Michael Kamaliza na wengine, wakiwemo maofisa wa jeshi. Aliyetajwa kuwa kinara ni Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri na kiongozi wa juu wa TANU, ambaye tayari alikuwa amekimbilia London. Katika washtakiwa wote mwanamke alikuwa mmoja.

Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibea. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu uhuru, na ilichukua miezi. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha ukombozi cha Afrika Kusini cha PAC, aliyesema alishirikishwa kwenye mpango huo naye akaitaarifu serikali. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 mahakama ilimtia hatiani, adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Mwanamke aliyesimama jukwaani na Nyerere akawa mfungwa wa serikali ya Nyerere. Mwaka 1972 ni Nyerere huyohuyo aliyetoa msamaha wa rais, akaachiwa huru.

Kutoka gerezani lilikuwa jambo moja, kurudi kwenye maisha lilikuwa jingine. Watu waliokuwa wakijaza ukumbi wake walipita mbali. Kuonekana na mtu aliyefungwa kwa uhaini lilikuwa jambo la hatari, na wengi walichagua usalama wao. Jina lake lilififia kwenye simulizi za sherehe. Watoto waliosoma shule miaka ya 1970 na 1980 walimaliza darasa la saba wakiimba nyimbo za uhuru bila kujua nani aliwaleta wanawake kwenye uhuru wenyewe.

Kilichomrudisha ni kumbukumbu za watu, na kazi ya watafiti waliokwenda kuuliza. Mmarekani Susan Geiger alimhoji Bibi Titi na wanawake wengine wa TANU katika miaka ya 1980, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1997 akachapisha kitabu juu yao. Hapo ndipo vikundi vya ngoma vilipoingia rasmi kwenye historia ya uhuru, na si kwa kurasa mbili za burudani. Hapa nyumbani, mwandishi Mohamed Said aliandika kuhusu wazee wa Dar es Salaam walioianzisha TANU, na jina la Bibi Titi limo humo. Mwaka 1991, Tanzania ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja kuwa shujaa wa mapambano ya uhuru. Ilikuwa imepita miaka 22 tangu akamatwe.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg, alikokuwa amepelekwa kutibiwa. Alikuwa na miaka 74.

Barabara ile ya ubavuni mwa Mnazi Mmoja, inayopita pia mbele ya Maktaba Kuu ya Taifa, ukiitafuta kwenye ramani za zamani za jiji utaikuta imeandikwa jina jingine: UWT.